Kipindi cha Pili cha Profesa

Profesa alijipatia jina kwa meza. Hakuiuza wala hakuichonga. Maishani mwake hakuwahi kupigilia hata msumari mmoja. Aliiandikia kitabu. Kurasa mia nne na ushee, zote juu ya meza moja ya mbao iliyokuwa chumbani kwake, na kitabu hicho kikamfanya awe mtu wa kualikwa, wa kupokewa uwanja wa ndege na kushikiwa mkoba.

Mafundisho yake yalikuwa hivi. Ukitaka kukijua kitu sawasawa, weka kando kwanza kila unachodhani unakijua juu yake. Weka kando kazi yake, historia yake, hata swali la kama kipo au hakipo. Kisha jitenge nacho kidogo, tulia, ukitazame kinavyojitokeza mbele yako. Fani yenyewe inaitwa fenomenolojia, neno ambalo mkewe alilitamka kwa vituo vitatu, kama mtu anayeshuka ngazi asizozizoea.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyohivyo akiwa na furaha. Akiwa na shida alimwita Bibie. Kwa miaka thelathini na minane Fundi alishona chumba cha mbele, Profesa akafikiri chumba cha nyuma, na kati yao kulikuwa na ukuta mmoja mwembamba. Fundi hakuwa na ugomvi na fenomenolojia. Kilichomkera ni kwamba ile habari ya kuweka kando haikubaki chuoni. Bomba la jikoni lilipoanza kuvuja, Profesa aliliweka kando. Bawaba ya mlango wa nyuma ilipolegea, aliiweka kando nayo. Binti yao wa pekee alipopata tetekuwanga, Profesa alivuta kiti akamtazama kwa makini asubuhi nzima, akaondoka na kurasa sita. Aliyempaka dawa ni Fundi.

Na ile meza yenyewe, ambayo wageni walitoka vyuo vya mbali kuja kuiona, wengine wakiigusa kwa ncha ya kidole na kurudi nyuma, ilikuwa meza ya Fundi ya kukatia vitambaa. Profesa aliiazima kwa wiki mbili. Kwenye sura ya tatu ya kitabu kuna maelezo marefu kuhusu "ule weupe usio na asili" uliokuwa pembeni mwa ubao, na wasomi watatu tofauti walikwisha kuandika makala kuuhusu. Ilikuwa chaki ya kushonea. Fundi angeweza kuwaambia, lakini hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuwaharibia watu kazi.

Sasa, Profesa alikuwa amestaafu, amebakiza mwaka mmoja kutimiza sabini na mitano, siku Fundi alipoanguka.

Ilikuwa Jumatano, asubuhi ya saa nne hivi. Fundi alikuwa amemaliza kushona pazia la mteja, akataka kulitundika dirishani aone linavyolala kabla mwenyewe hajaja. Akapanda kwenye stuli. Mguu mmoja wa stuli ukateleza kwenye sakafu, naye akaja chini kwa ubavu wa kushoto, pazia likamfuata. Ndani ya mwili wake alisikia kitu kikilia kama kijiti kikavu. Hakupiga kelele, kwa sababu pumzi ilikuwa imekwenda.

Profesa alitokea mlangoni, kalamu mkononi. Akasimama. Fundi alimtazama kutoka sakafuni, Profesa akamtazama kutoka mlangoni. Jikoni bomba lilikuwa likidondoka kama kawaida yake, tone, kimya, tone, na Fundi, ambaye maisha yake yote alihesabu mishono bila kujua kwamba anahesabu, akahesabu. Yalidondoka matone kumi na moja kabla mumewe hajanyanyua mguu. Halafu akaja mbio, akaangusha pasi, akakanyaga sanduku la vifungo, akatoka nje kumwita jirani yao dereva wa lori, na huyo jirani ndiye aliyewafikisha hospitali.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Wakamtia chuma na skrubu tatu, na daktari wa mifupa akasema kwa wiki sita mguu huo usiguse chini, na baada ya hapo ataanza kutembea na fremu. Binti yao, ambaye ni mpima ardhi na anafanya kazi mbali sana, alikuja akakaa siku tisa. Kabla ya kuondoka aliandika maelekezo kwenye karatasi, yamepangwa kwa namba kama ramani ya viwanja, akayabandika kwenye mlango wa friji. Kisha akaingia chumbani kumuaga mama yake, akainama na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ana wasiwasi mkubwa, huyu mzee atakuja kumuua.

"Akiniua ataandika," Fundi akamjibu. "Wewe nenda kazini."

Asubuhi ya kwanza walipobaki wawili, Profesa alichemsha mayai. Alisimama juu ya sufuria akiyatazama mpaka maji yakakauka na jikoni kukanuka. Hakuwa mjinga. Kichwa chake kilikuwa na miaka sabini na minne, mikono yake minane tu, basi. Fundi alikula mkate mtupu akamwambia ahsante.

Lakini mtihani wenyewe ulikuja saa tatu, Fundi alipotaka kwenda haja. Kando ya kitanda kulikuwa na kiti chenye tundu na ndoo chini yake, cha kukodi. Umbali wake kutoka kitandani haukuzidi hatua moja. Profesa akasimama, akamtazama mkewe, akatafakari aanzie wapi. Akazunguka kitanda hadi upande wa pili, akatafakari kutoka huko. Akarudi. Jasho lilimtoka Fundi, na si la maumivu.

"Usinitazame," akasema. "Nishike."

Profesa akamshika mikono miwili kama anayenyanyua sanduku la safari. Fundi akalia. Ikabidi amfundishe hapohapo, meno yakiwa yamekazana, kama alivyowahi kuwafundisha wanagenzi wake kuvisha mwanasesere wa mbao: apinde magoti, apitishe mkono mmoja chini ya kwapa na mwingine mgongoni, amvute kwake wala asimnyanyue juu, na wageuke pamoja. Wakageuka pamoja. Wakafika, ingawa walichelewa kidogo. Profesa akaenda kuleta tambara, akapiga magoti akafuta sakafu. Fundi hakuwahi kumwona na tambara mkononi. Aliifuta polepole, kimya, na alipomaliza akanawa, kisha akasimama kwenye mwanga wa dirisha akitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kwa muda mrefu.

Kufikia wiki ya tatu alikuwa ameiva. Alijua kubadilisha shuka bila mgonjwa kushuka kitandani. Alijua kupima maji kwa kiwiko. Alijua kwa sauti ya pumzi yake kama Fundi amelala au anajifanya. Mayai yalikuwa yanaliwa. Na kilichomshangaza Fundi kuliko mayai, alikuwa ameanza kuandika upya, mtu ambaye kwa miaka sita hakuwa ameandika chochote zaidi ya barua za kukataa mialiko. Aliandikia chumbani kwa Fundi, kwenye kiti kando ya kitanda, upande wa nyuma wa karatasi kubwa za Fundi za kuchorea vipimo. Karatasi zake mwenyewe zilikuwa chumba cha nyuma, akasema, na akienda kule anaweza kuitwa akiwa mbali.

"Si umezoea kuitwa," Fundi akamwambia.

Profesa akafikiri. Akasema hapo ndipo penye ajabu. Zamani alipokuwa akiitwa aliuweka ule wito kando, akaendelea na meza. Sasa hawezi. Anajaribu, na haiwezekani. Akiitwa anajikuta amekwisha kusimama kabla hajaamua. Na kama kuna kitu hata kimoja duniani kisichowekeka kando, basi kitabu chake cha kwanza kimejengwa juu ya uongo, tena kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuifuta hiyo meza aliyoiandika. Alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba inayoungua si yake.

Fundi, ambaye hakuwa na la kufanya zaidi ya kutazama dari, alianza kusikiliza. Siku moja Profesa alimsomea kipande kuhusu kugusa, akamwuliza anaonaje. Fundi akamwambia bado anaandika kama mtu wa macho. Macho yanadanganywa na rangi, akasema. Mteja anakuletea kitambaa kinang'aa kama hariri, lakini ukikitia kati ya kidole gumba na cha shahada unajua hapohapo kwamba umeletewa plastiki. Na si kwamba wewe unakipima tu. Chenyewe kinakufanya kitu. Kikavu kinavuta ngozi, laini kinakutoroka, kizito kinakushusha bega. Unakijua kwa jinsi kinavyokufanya. Profesa akamwomba arudie taratibu, akawa anaandika. Fundi akarudia. Akajisikia vizuri, hakuficha.

Wiki moja baadaye alisomewa sura ya pili. Maneno yake yote yalikuwemo, yamevishwa makoti na tai, na mwisho wa ukurasa kulikuwa na maandishi madogo: mwandishi anamshukuru mshonaji mmoja aliyemdokezea mfano huu.

"Mshonaji mmoja yupi?" Fundi akauliza.

Profesa akaeleza kwamba huo ndio mtindo wa kitaaluma, kwamba si vizuri mambo ya nyumbani kuingia.

"Mambo ya nyumbani yameshaingia, yako ukurasa mzima. Miaka thelathini na minane unavaa mashati yangu, leo mimi ni mmoja?"

Profesa akafuta, akaandika kwamba hoja hii yote ni ya mkewe, fundi cherehani, na kwamba yeye ameinukuu tu. Siku hiyo wakacheka, mambo yakaisha. Kilichofuata hakikuwa cha kucheka.

Ilikuwa wiki ya tano. Profesa alikuwa amekwenda duka la dawa, na karatasi zake alikuwa ameziacha kwenye blanketi. Fundi alikuwa na miwani. Akachukua ya juu, akaona ni sura ya nne, inahusu mwili wa mwingine unapooshwa. Akasoma. Lilikuwepo kovu la nyonga, lilivyochongoka na nyuzi zake ngapi. Lilikuwepo kunjo la tumbo, na maji yanavyokaa pale. Ilikuwepo namna huyo mwingine anavyojifunika uso kwa shuka akioshwa sehemu za chini, na mwandishi akawa na aya mbili nzima za kueleza kwamba anayejifunika uso hamfichi anayemwosha bali anajificha yeye asijione akionwa. Kurasa sita. Fundi akazisoma mara mbili. Masikio yakamwaka moto. Kama ungekuwa uongo angechana. Ulikuwa ukweli mtupu, tena ulioandikwa kwa upendo, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Akazitia chini ya mto.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mrithi.

Jina lake halisi halikuwa hilo, lakini ndilo lililotumika nyuma ya mgongo wake chuoni kote. Alikuwa mwanafunzi wa Profesa zamani, sasa mkuu wa idara, mtu wa miaka hamsini na kidogo, msafi, miwani myembamba ya dhahabu. Alikuwa ameandika vitabu vitatu kuhusu kitabu cha meza, na cha nne kuhusu utangulizi wake. Ndiye aliyekuwa akiandaa kongamano kubwa la kumtukuza Profesa akitimiza sabini na mitano, pamoja na toleo jipya la kile kitabu.

"Shikamoo Mama," akasema, akaketi ukingoni mwa kiti, akauliza hali ya mguu, akasikiliza jibu kwa nusu ya sikio. Kisha akafungua moyo. Profesa alikuwa amempelekea kurasa chache za kazi mpya, naye hajalala. Mle ndani Profesa anakikana kitabu chake mwenyewe. Si kukirekebisha, kukikana. Watu wamejenga maisha yao juu ya kile kitabu, wapo waliopata vyeo, yupo mmoja aliyempa mwanawe jina kutokana na sura ya kwanza. Alisema anaelewa kwamba ugonjwa nyumbani unamtikisa mtu, hasa mwenye umri ule. Mawazo ya wakati wa dhiki si mawazo ya kuchapwa. Kama Mama angeweza kumshawishi apumzike. Au, bora zaidi, kama Mama angezihifadhi hizo karatasi mahali, kwa nia njema tu, mpaka kongamano lipite.

Kichwa cha Fundi kilikuwa juu ya mto, na zile kurasa sita chini ya mto. Angezitoa tu. Angempa huyu mtu msafi mkobani mwake, zikaenda, na hakuna mwanafunzi hata mmoja wa mwaka wa pili ambaye angewahi kuulizwa kwenye mtihani maji yanakaa wapi tumboni pake. Mkono wake ulikwisha kuanza kwenda.

Lakini tangu asubuhi alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya chai. Akamwambia Mrithi kwamba anataka kwenda haja.

Mrithi akasema bila shaka Profesa yu karibu kurudi.

"Mwanangu, hili jambo halina foleni."

Mrithi akasimama. Akanyoosha mikono mbele kama anayetaka kupokewa sinia, kisha, kwa heshima, akafumba macho. Fundi akamwambia afumbue, hawataki kwenda hospitali wawili. Apinde magoti. Mkono chini ya kwapa, si begani. Amvute kwake. Mrithi akavuta kwa hofu, kwa mbali, kama mtu anayevuta pazia la nyumba ya watu, wakayumba, Fundi akamng'ang'ania tai, na ile miwani ya dhahabu ikateleza puani ikaanguka. Walipogeuka pamoja ililia chini ya kiatu chake. Wakafika. Mrithi akageukia ukuta, akasoma kalenda kuanzia Januari. Akaitwa, akamrudisha Fundi kitandani, safari hii vizuri zaidi. Akaenda kumwaga ndoo bila kuambiwa, hilo Fundi alimhesabia. Aliporudi alikuwa amenawa mpaka kwenye viwiko. Akakaa akipepesa macho, vipande vya miwani kiganjani.

"Profesa anafanya hivi kila siku?" akauliza.

"Mara sita. Nikinywa chai, nane."

Hakurudia tena habari ya karatasi. Akaaga. Mlangoni akasimama, akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepigana na jambo. "Lakini bado, Mama," akasema, "hilo si hoja."

"Wala sikusema ni hoja. Nilisema nimebanwa."

Profesa aliporudi na vidonge alimkuta mkewe ameketi wima, kurasa sita mapajani. Akajua. Akaweka dawa mezani, akabaki amesimama.

"Mwili huu ni wa nani?" Fundi akauliza.

Profesa akasema si wa mtu fulani. Ni mwili wa mwingine, kwa ujumla.

"Kwa ujumla sijawahi kuoga."

Profesa akajitetea, na alijitetea kwa dhati. Alisema hiyo ndiyo sura bora aliyowahi kuandika, kitabu chote kinaiegemea. Hajaandika neno la kumdhalilisha. Ameandika kile ambacho mikono yake imejifunza, na hajui pengine angejifunzia wapi. Fundi alimwacha amalize. Alipomaliza, akamwambia kwamba yeye hajasoma kama wao, lakini kusoma anajua. Kwenye kile kitabu cha kwanza Profesa alikaa pembeni akatazama meza. Kwenye hiki amekaa pembeni akamtazama yeye. Kovu limo, tumbo limo, uso uliofunikwa umo. Aliyeshika beseni hayumo. Magoti yake yaliyouma hayamo, wala alichokiogopa.

"Hujabadilika," akasema. "Umebadilisha meza tu."

Profesa akakaa. Alikaa kwenye kile kiti chenye tundu, maana ndicho kilichokuwa karibu, na hakuna hata mmoja wao aliyeona kichekesho. Wanafunzi wake walimpinga miaka mingi kwa lugha nne bila kumgusa mahali. Sasa alikuwa ameguswa.

Fundi akavuta pumzi. Kulikuwa na jambo ambalo tangu ile Jumatano alikuwa amelimeza, na alikuwa ameazimia kulimeza mpaka mwisho, kwa sababu mtu akikuosha kila siku unaona aibu kumdai la nyuma. Akalisema.

"Siku niliyoanguka ulisimama mlangoni. Matone kumi na moja. Nilihesabu."

Profesa hakusema hapana. Hakusema hesabu imezidi. Alitazama sakafu, pale alipopiga magoti na tambara siku ya kwanza, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya darasani.

"Nilidhani umekufa. Ulikuwa umelala vibaya, na lile pazia juu yako. Nikawa natazama. Niliona nikikugusa nitajua. Wakati natazama tu, ilikuwa bado haijawa."

Kwa wiki tano Fundi alikuwa amezigeuza zile sekunde kila namna: kwamba alimwona kama kitu cha kuandika, kwamba alikuwa anamalizia sentensi kichwani. Hili la woga halikuwa limempitia, kwa sababu hakuwahi kumwona mumewe akimwogopea mtu. Akaona hasira yake inakosa pa kukanyaga, akaudhika kidogo kwa hilo pia.

"Basi hilo ndilo uandike," akasema mwishowe. "Langu fumua."

Profesa akafumua. Aliandika sura ya nne mara nne. Kila alipoileta Fundi aliisikiliza kama anavyokagua nguo ya mwanagenzi, akivuta hapa na pale aone kama mshono unashika, na mara tatu alimrudisha: hapa umejipamba, hapa umekimbilia maneno makubwa, hapa umenirudisha tena uchi kupitia dirishani. Mara ya nne akaomba chai tu.

Kongamano lilifanyika. Mrithi hakuliahirisha, na hilo lilihitaji moyo. Fundi aliingia ukumbini na fremu yake ya kutembelea, akakaa mstari wa mbele, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Asubuhi nzima wasomi walijadili ile kazi mpya, ambayo habari zake zilikwisha kuvuja, na jina lilikwisha kupatikana: Mgeuko. Wa kwanza kusimama alithibitisha kwamba Mgeuko ulianza miaka kumi na moja iliyopita, katika safari ya Profesa kwenye nchi moja ya baridi, ambako inaonekana alikutana na theluji. Wa pili aliupeleka nyuma zaidi, kwenye makala ambayo Profesa mwenyewe hakukumbuka kuiandika. Wa tatu, bibi mmoja mwenye michoro, aliugawa kwa hatua saba na mishale. Wakabishana, wengine wakaona hasira ya kweli. Fundi alikuwa akiijua siku yenyewe na saa yenyewe, na stuli yenyewe ilikuwa nyumbani. Alikaa na kipochi chake mapajani akinyonya peremende.

Alasiri Profesa akapanda jukwaani akasoma sura ya nne. Alisoma kwa dakika kumi na nne. Haikuwa na neno la Kigiriki hata moja. Ilikuwa habari ya mtu aliyesimama mlangoni, akitazama, na kila alichowafundisha watu maisha yake yote kikimwambia kwamba hapo alipo ndipo pa kusimama. Alipofika kwenye matone akanywa maji, akaendelea. Akafika mwisho. Mhadhiri mmoja mzee, aliyekuwa amelala tangu chakula cha mchana, alikuwa macho na anapenga kamasi. Kisha msomi mmoja nyuma akauliza kama bomba lile lifahamike kuwa ishara ya wakati.

"Ni bomba," Profesa akasema. "Nimeshalibadilisha mpira."

Mambo hayakumalizika vizuri sana, wala vibaya. Kitabu kilitoka, chembamba, na nusu ya wafuasi wa Profesa wakaacha kumwandikia. Toleo jipya la kitabu cha meza halikuchapwa, Profesa alikataa. Mrithi, baada ya kujifungia miezi mitatu, alitoa makala ndefu inayothibitisha kwamba kipindi chote cha pili kilikuwa kimejificha ndani ya kitabu cha kwanza, kwenye kurasa nane ambazo watu hawakuzisoma kwa uangalifu. Profesa aliisoma akatembea nyumbani kutwa nzima akifoka. Fundi aliisoma akacheka mpaka nyonga ikamuuma, kisha akaona mwisho wa makala, kwa maandishi madogo, kwamba mwandishi anatoa shukrani kwa funzo alilolipata kwa vitendo nyumbani kwa Profesa, na kwamba hataki kulifafanua.

Fundi alirudi kwenye cherehani kwa saa mbili mbili, akitumia mguu mzima kukanyagia. Nyumbani hawakugeuka malaika. Profesa bado anaacha taulo mbichi kitandani, na vyombo anaviosha kwa ndani tu, kwa nje anaviachia imani. Bado kuna siku anasimama katikati ya chumba amepotelea huko anakopotelea. Tofauti ni kwamba ukimwita anakuja, halafu ndipo anauliza kuna nini.

Mwezi uliopita alikuja mtafiti mmoja, mwanamke kijana, anaandika tasnifu yake kuhusu kipindi cha pili. Alimhoji Profesa asubuhi, mchana akaomba amhoji na Fundi, akawasha kinasa sauti juu ya mashine. Aliuliza maswali ya busara, Fundi akayajibu huku anatia pindo. Mwisho akauliza kama Mama anaona dalili zozote kwamba Profesa anaelekea kwenye kipindi cha tatu.

Fundi akakata uzi. Akasema dalili zipo, siku hizi anaongea peke yake na ameanza tena kuzitupia jicho karatasi za Fundi za kuchorea vipimo. "Lakini mimi nimeshatoa nyonga yangu. Akitaka kipindi cha tatu, safari hii avunjike yeye."

Mtafiti akainua macho kwenye daftari, hajui kama acheke. Kutoka jikoni, alikokuwa akichambua mchele, Profesa akasema kwamba amesikia.